Mwaka Niliomrekodi Mama Mkwe

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, mama wa mabinti wawili na karani wa masijala katika wizara moja pale Al Khuwair, Muscat, nilipojiandikisha kusoma isimu. Mpango wenyewe ulikuwa wa shahada mbili kwa mkupuo mmoja: miaka minne ya shahada ya kwanza, halafu mwaka wa tano wa uzamili, bila kutoka na kuomba upya. Masomo yalikuwa ya jioni, kwa ajili ya watu wa kazini. Siku ya kwanza tuliambiwa kwamba atakayechoka anaweza kushuka mwisho wa mwaka wa nne na cheti chake mkononi, na hakuna atakayemlaumu. Tulicheka. Tulikuwa kumi na saba. Mwaka wa tano tulibaki watano.

Watu waliponiuliza kwa nini isimu, nilikuwa na jibu la kistaarabu kuhusu kuhifadhi lugha za wazee wetu. Ukweli ni kwamba yote yalianzia jikoni kwa mama mkwe.

Mimi ni mtoto wa watu waliotoka Tabora. Babu yangu alikuwa na duka huko, wazazi wangu wakarudi Oman, mimi nikazaliwa hapa Muscat. Nyumbani tulisema Kiswahili cha mama yangu, Kiswahili cha bara. Mume wangu kwao ni Unguja, na katika watu wetu hiyo ni tofauti ambayo hakuna anayeitaja na kila mtu anaijua. Wiki ya kwanza ya ndoa niliingia jikoni nikamwambia mama yake kwamba nyanya zimekwisha. Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Nyanya yupi, mwanangu? Bibi yako yuko hapa?"

Nikamwonyesha kapu tupu.

"Aa, tungule," akasema. "Sisi twasema tungule."

Ikawa ndiyo hali yetu. Nikisema shule, yeye anasema skuli. Nikisema naenda, anasema nnakwenda. Hakuwa mkali. Alinirekebisha kama mtu anayemnyooshea mtoto ukosi wa shati huku akipita na shughuli zake. Mimi ndani nilikuwa nikichemka. Nilitaka mtu mwenye elimu aniambie ni nani aliyempa mamlaka hayo. Kufikia mwaka wa pili wa masomo nilikuwa nimeshafundishwa kwamba hakuna aliyempa, na kufikia wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nasema tungule.

Alikuwa akiishi nasi Al Amerat tangu baba mkwe alipofariki. Nilipopata nafasi ya chuo, mume wangu aliuliza swali moja tu: watoto watakaa na nani jioni? Yeye hufanya kazi ya zamu uwanja wa ndege, na zamu zake hazitabiriki. Tulikuwa mezani, mama yake anamchambulia binti yetu mdogo miba ya samaki. Hakuinua hata macho.

"Mie nipo," akasema.

Juu ya maneno hayo mawili nilijenga miaka mitano.

Sijui nielezeje miaka ile. Naikumbuka kama siku moja ndefu. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu masijala, nagonga mihuri barua zinazoingia na kuandika namba za zinazotoka. Saa nane na nusu mchana natoka. Saa tisa na nusu niko darasani, kiyoyozi kinavuma, mwalimu anachora ubaoni kinywa cha mtu kilichokatwa katikati ili tuone ulimi unagusa wapi. Magharibi inapita tuko darasani. Kisha gari, foleni, barabara ya mlimani kwenda Al Amerat, taa nyekundu za walio mbele yangu zikipanda na kuteremka. Nikifika, watoto wamekoga, wamekula, madaftari yametiwa kwenye mikoba. Mama mkwe ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni.

"Masalkheri, Mama."

"Masalkheri, mwanangu. Chakula chako ki juu ya jiko."

Nilikula nikiwa nimesimama. Nikikaa nilikuwa siinuki.

Mwisho wa mwaka wa nne niliamua kushuka. Mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye darasani, mwalimu wa sekondari, alishashuka. Alikuja siku ya mwisho na sanduku la halua, akatukumbatia wote, akaondoka kama mtu aliyefunguliwa. Nilimwonea wivu. Nyumbani nikatangaza kwamba cheti kimoja kinanitosha. Mume wangu alisema nifanye ninavyoona. Mama yake alikuwa anakunja nguo. Aliweka chini foronya aliyokuwa nayo.

"Mwaka mmoja tu umebaki?"

"Mmoja, Mama."

"Basi maliza."

Sikumsikia vizuri siku ile. Nilidhani ananitia moyo, na nilifurahi, kwa sababu kutoka kwake hilo lilikuwa kubwa.

Mwaka wa tano hauna madarasa mengi. Una tasnifu, kitabu ambacho lazima ukiandike mwenyewe kwa data uliyokusanya mwenyewe. Msimamizi wangu alikuwa mwanamke wa makamo, Msudani, mpole, mwenye mazoea ya kufunga macho unapozungumza naye ili asikie vizuri. Nilimwambia nataka kuandika juu ya Kiswahili cha wazee waliotoka Unguja na kukaa Muscat, namna kinavyoingia na kutoka katika Kiarabu ndani ya sentensi moja. Akaniuliza nitampata wapi mzee wa kumrekodi. Nikamwambia ninaye nyumbani.

"Una bahati," akasema.

Chuo kilinikopesha kinasa sauti kidogo, cheusi, chenye taa nyekundu ya ukubwa wa punje ya mtama. Nikamletea mama mkwe fomu ya ridhaa niliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Alisoma skuli Unguja utotoni, kwa hiyo aliisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno.

"Hapa mmeandika nnaweza kuacha wakati wowote?"

"Ndiyo, Mama. Bila kutoa sababu."

"Vizuri," akasema, akatia saini.

Kesho yake, siku ya kwanza ya kurekodi, nilimkuta sebuleni amevaa dera lake la Idi, ametia wanja, na chetezo cha udi kimewekwa chini ya kiti. Nilimwambia haipigwi picha, ni sauti tu. Akasema anajua. Nikawasha. Na mama huyu, ambaye kwa miaka kumi nilimsikia akisema nnataka na nnakuja na mie siwezi, akainyoosha shingo akaanza:

"Mimi nilizaliwa katika mji wa Unguja. Wakati huo sisi tulikuwa watoto wadogo. Ninakumbuka kwamba tulikuwa tukienda shuleni kwa miguu."

Shuleni! Wala si skuli. Nikamkatiza, nikamwuliza juu ya mapishi, juu ya mavazi ya harusi, juu ya majirani, nikijaribu kumtoa kwenye lugha ya redio. Hakutoka. Kila Jumamosi kwa miezi miwili alivaa, akatia udi, akazungumza na ile taa nyekundu kama anayesoma taarifa ya habari. Hata neno moja la Kiarabu halikumponyoka.

Msimamizi alisoma kurasa zangu akiwa amefumbua macho, na hiyo haikuwa dalili njema.

"Huyu ni mwanamke aliyepanda jukwaani," akaniambia. "Ni mzuri, lakini si wako. Niletee huyo wa jikoni. Rekodi kwa muda mrefu. Watu husahau."

Basi nikahamia jikoni. Alhamisi moja nilipata ruhusa kazini, nikarudi mapema, nikaweka kinasa sauti kwenye rafu kati ya kopo la bizari na kopo la hiliki. Nilimwambia, "Mama, nakiwasha." Akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tunachambua mchele. Hatujafika nusu ya sinia, simu ikalia: faili moja limetafutwa masijala halionekani, na mkurugenzi analitaka kabla ya saa za kazi kwisha. Nilivaa abaya nikatoka mbio. Faili lilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine. Nilirudi baada ya Magharibi nimechoka hoi, na kinasa sauti sikukikumbuka mpaka asubuhi ya Jumapili nilipokuwa nachukua chumvi kwa ajili ya mayai ya watoto. Betri ilikuwa imekwisha.

Nilikitia betri mpya nikakisikiliza siku hiyo hiyo, ndani ya gari, kwenye maegesho ya chuo, nikisubiri kuonana na msimamizi. Nilisikia mlango nilioufunga nikitoka. Nikasikia mchele. Kisha mlango tena, na sauti ya dada yake mdogo, anayeishi Bustan, tunayemwita Khalati, ambaye huja Alhamisi mara moja moja mwanawe akiwa na safari ya upande wetu.

Dakika za mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu. Yote yalikuwemo. Nnakwambia, nnajua, mie nnamngoja. Kiarabu kinaingia katikati ya neno na kutoka bila kubisha hodi. Sauti za Kiarabu, kha na ghaini, zimekaa mahali pake. Nilichukua daftari nikaanza kuandika muda: dakika ya nne, dakika ya sita, dakika ya saba mara mbili. Hii ndiyo tasnifu, nilijiambia. Nimeipata.

Kisha dada yake akauliza, "Na mgongo?"

"Mgongo ndo huo. Asubuhi nnainuka kwa kushika ukuta."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nani? Mwanangu anarudi na usingizi wake, anaondoka na usingizi wake. Na yule mkewe akirudi hapa hana hata uso. Anakula kasimama kama punda. Nnamwonea huruma, wallahi. Lakini na mie nimechoka. Nimechoka, dada. Watoto sita nimewalea, nikasema khalas, sasa nnapumzika, nnakwenda Unguja nikamwone dada yetu naye bado ana macho ya kunitambua. Mwaka wa tano huu sijenda."

"Si useme?"

"Nikisema ataacha. Mwaka jana alitaka kuacha, nikamwambia maliza, maana akiacha leo ataanza tena kesho, na mie nitakuwa nishakufa. Na akiacha kwa sababu yangu watu watasema mkwe ndiye aliyemwachisha. Na yeye mwenyewe ataamini hivyo hivyo."

Dada yake alicheka kidogo. "Ana kichwa mtoto huyo wa bara."

"Ana kichwa. Angekuwa hana, ningekwisha mwambia zamani."

Nilizima. Sikulia, nilikaa tu nikitazama usukani. Nilikwenda kwa msimamizi nimechelewa, nikamwambia sijisikii vizuri, nikaondoka. Njia nzima ya mlimani nilikuwa nikiendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Nilipoingia alikuwa kwenye kiti chake. Akainuka kunipakulia. Aliweka mkono wa kushoto ukutani, akavuta pumzi, akasukuma, akasimama. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara mamia. Miaka mitano nilikuwa nafundishwa kupima irabu ndefu na irabu fupi, na ile pumzi sikuwahi kuisikia.

"Mama, kaa, nitapakua mwenyewe," nikasema.

Akanitazama kama nimesema Kichina. "Una nini leo?"

"Sina kitu."

Wiki nzima nilinyamaza. Siwezi kusema nilinyamaza kwa heshima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naitaka ile rekodi. Nilijiambia kwamba alitia saini. Nilijiambia kwamba nilimwambia nakiwasha na akaitikia. Nilinukuu dakika kumi na moja za mwanzo, zisizo na siri yoyote, na zilikuwa kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikazipeleka kwa msimamizi. Alifunga macho, akanisikiliza nikimsomea, akatabasamu.

"Huyu ndiye," akasema. Halafu akafumbua macho. "Anajua?"

Nikamweleza. Kinasa sauti kilisahauliwa, dada yake hakuwa na fomu, na kuna mambo mengine waliyoyasema baadaye.

"Basi huna rekodi," akasema, akanirudishia kurasa. "Nenda kamwulize. Wakikubali wote wawili, yeye na dada yake, tutazungumza. Akikataa, hukunisomea kitu leo."

Nilichagua Ijumaa, mume wangu amewachukua watoto kwenda kwa mama yangu. Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya vitunguu thomu. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake nikamwambia yote, kuanzia ile Alhamisi. Kisu kiliendelea kumenya. Nilipomaliza akaniuliza:

"Umesikiliza mpaka wapi?"

"Mpaka pale Khalati aliposema ana kichwa mtoto huyo wa bara. Nikazima."

"Astaghfirullah." Akaweka kisu chini. "Na mgongo?"

"Nimesikia, Mama."

"Na punda?"

"Na punda."

Nilidhani atacheka, na pengine siku nyingine angecheka. Uso wake ulikuwa umefunga.

"Mie nimetia saini," akasema polepole, "kwa maneno niliyoyavalia nguo. Yale ya Alhamisi sikuyavalia. Yale nilikuwa nyumbani kwangu na dada yangu. Futa."

"Mama, naweza kukata sehemu ile, nikaacha zile za mwanzo tu, za mchele na..."

"Futa yote. Hapa, mbele yangu."

Nilileta kinasa sauti na tarakilishi, nikafuta huku na huku, naye ameinama anatazama kioo bila kuelewa alama zake.

"Ndo basi? Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Haya."

Kama ningeishia hapo pengine mambo yangetulia. Lakini nilikuwa nimebeba maneno yake siku kumi na mbili. Nikamwambia aende Unguja, nami nitasimamisha masomo nikae na watoto.

Akapiga meza kwa kiganja, maganda ya thomu yakaruka. "Ndo hilo nililolikhofu! Hilo hasa! Miaka mitano nimeuma meno, leo umenisikiliza kwa mlango wa nyuma, na sasa waacha, na mwenye kosa mie!"

"Siachi, Mama. Naahirisha muhula mmoja."

"Watu hawajui kuahirisha. Watu wanajua kuacha."

"Watu gani?"

"Watu!" Akainuka, mkono ukutani, akaenda chumbani kwake.

Tangu siku ile alizungumza nami kupitia watoto tu. Nimesimama hapo hapo, anamwambia binti yangu mkubwa, "Mwambie mama yako wali uko tayari." Binti ananigeukia na kunitafsiria neno kwa neno, kwa uso wa kazi, naye alikuwa na miaka tisa. Siku ya nne mume wangu aliuliza kuna nini. Nikamwambia habari ya mgongo na habari ya Unguja, mengine niliyaacha. Akasema jambo lililoniuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli na langu pia: hakuwahi kumwuliza mama yake kama anaweza. Kwa miaka mitano tuliona kazi ile ina mwenyewe, tukapita.

Alimkatia mama yake tiketi, yeye na dada yake wa Bustan. Mama aliikataa mara mbili, akaikubali mara ya tatu, akafunga mizigo kwa siku kumi. Uwanja wa ndege nilimbusu mkono. Akanivuta akaninong'oneza, "Yule mdogo hali samaki mwenye ngozi. Usimlazimishe." Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kunielekea mimi mwenyewe tangu ule ugomvi.

Wiki sita alizokuwa hayupo zilinionyesha alichokuwa akikifanya. Mume wangu alibadilishana zamu na wenzake akapata alasiri tatu kwa wiki. Hakukataliwa hata na mmoja. Kumbe ilikuwa kuomba tu. Siku nyingine nilikuwa natoka wizarani nakimbilia skuli, kisha jikoni, kisha madaftari, kisha kuoga kwa hawa wawili kunakochukua saa nzima na maji ya bahari nzima. Nilikuwa nimeahirisha masomo na nilichoka kuliko nilipokuwa nasoma. Na mimi nina miaka thelathini na saba. Yeye ana zaidi ya sabini.

Alikuwa anatutumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mrefu, dakika sita, dakika nane: umeme umekatika, dada yao amemtambua na amelia, embe za mwaka huu ni chachu, nnawasalimu wote. Kiswahili kile kile cha jikoni, chote, bila nguo yoyote. Nilisikiliza pamoja na watoto. Sikuandika dakika wala neno. Siku moja mkono wangu ulitafuta kalamu wenyewe, nikauweka chini ya paja.

Niliporudi kwa msimamizi mwanzo wa muhula uliofuata nilimwambia kwamba nilichonacho ni zile Jumamosi za jukwaani tu, na kwamba pengine ni bora nishuke na cheti changu kimoja. Akaniuliza mama mkwe alisema nini alipokataa. Nikamwambia: maneno niliyoyavalia nguo. Alifunga macho, akakaa hivyo hata nikadhani amesinzia.

"Andika hilo," akasema. "Andika jinsi mtu anavyovaa anapojua anasikilizwa. Hizo kurasa ulizoziona mbaya, zisome upya."

Nilizisoma upya. Sikuwa na nguvu wala shauku. Nilizisoma kama ninavyogonga mihuri, moja baada ya moja. Na kweli mlikuwa na mengi. Alisema shuleni, neno langu mimi, neno la bara, kwa kuwa alidhani ndilo la kitabuni. Mwanamke aliyenirekebisha miaka kumi, alipotaka kusema vizuri kabisa, alisema kama mimi. Nilikaa na ugunduzi ule siku kadhaa, sikujua nicheke au nimwambie. Nilimwambia. Akasema, "Hata kidogo."

Tasnifu ilipita. Daraja halikuwa la juu wala la aibu. Mjumbe mmoja wa baraza la watahini alisema data ni chache, na alisema kweli. Barua ilinifikia kazini saa nne asubuhi, kati ya rundo la barua zinazoingia. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea na rundo. Niko masijala hata sasa. Mkurugenzi aliagiza nakala ya cheti itiwe kwenye faili langu, na mimi ndiye niliyeitia.

Mama mkwe aliporudi kutoka Unguja hakurudi kwetu moja kwa moja. Alishukia Bustan kwa dada yake, wiki moja, kisha mwezi, kisha nguo zake zikafuatwa. Hakuna aliyetangaza. Anasema hewa ya pwani inamsaidia mgongo, na daktari wa mazoezi yuko karibu. Mimi nadhani amehama ile kazi ya kwetu. Ijumaa tunakwenda huko sote.

Ijumaa ya kwanza baada ya tasnifu kufungwa jalada nilimpelekea nakala yake. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini nyuma kuna kurasa arobaini za maneno yake mwenyewe. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti. Dada yake akaja kuchungulia begani. Alipofika ukurasa wa tatu akasimama.

"Mbona umeniandika hivi? 'Ninakumbuka.' Mie sisemi ninakumbuka."

"Ulisema, Mama. Sauti ipo, ile uliyotia saini."

"Sijasema. Umenitia maneno ya bara mdomoni." Akamgeukia dada yake. "Mie nnasema hivo?"

"Wewe? Katu," akasema Khalati.

Sikubishana. Akaendelea kusoma mpaka chai ikapoa, anatikisa kichwa kila baada ya mistari michache, na alipomaliza hakukirudisha. Alikiweka juu ya kabati la vyombo, chini ya msahafu.

Tuliondoka Bustan kabla ya Isha. Binti yangu mdogo alilala kabla hatujafika barabara kuu. Mkubwa akaniuliza kama sasa, kwa kuwa nimemaliza, nitakuwa nyumbani kila jioni. Nikamwambia ndiyo. Akatazama nje ya dirisha kidogo.

"Kila jioni?" akauliza tena, na sikuweza kujua kwa sauti yake kama amefurahi.